Kadi ya Sanduku la Saba

Mtaa mzima wa Tangini, Kibaha, ulimwita Maabara. Jina lake halisi ninalo, lakini silitaji hapa. Nimeshamtendea mzee huyu ubaya wa kutosha. Alikuwa fundi wa maabara katika shule ya sekondari kwa miaka mingi, na alipostaafu alirudi nyumbani na vitu vitatu: koti jeupe lililochanika kwapani, mazoea ya kunawa mikono kila baada ya kugusa kitu, na imani kwamba jambo lisiloandikwa halikutokea. Nyuma ya nyumba yake, katika chumba ambacho jirani mwingine angeweka mpangaji, alifuga chatu.

Si wale chatu wa kumeza mbuzi. Hawa asili yao ni Afrika Magharibi, wafupi, wanene kiasi, wenye mabaka ya kahawia na meusi, na woga wao unachekesha. Ukimshtua hakuumi, anajiviringa akawa mpira, kichwa amekificha katikati, akisubiri uondoke. Wa kwanza aliachiwa na mgeni mmoja aliyekuwa na kibali cha kuwafuga, ambaye baadaye alihama nchi. Maabara akahangaikia kibali chake mwenyewe ofisi baada ya ofisi mpaka akakipata, akakitia kwenye fremu na kukitundika sebuleni, mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi.

Majirani walisema anafuga majini. Mama muuza vitumbua wa pale kona alimwambia usoni, "Mzee, mtoto wa nyoka ni nyoka. Hao watakugeuka siku moja." Mtu mwingine angekasirika au angepita. Maabara alichuchumaa, akaokota kijiti. "Ni nyoka, ndiyo," alisema, "lakini nyoka yupi? Wa baba au wa mama?" Akaanza kumchorea mchangani jinsi rangi zinavyorithiwa, duara hili na duara lile, mpaka vitumbua vya mzunguko ule vikaungua vyote. Mama akamwambia avinunue. Alivinunua, akavila palepale, vyeusi hivyo hivyo, huku akiendelea kuchora.

Mtu huyo asiyeogopa nyoka aliogopa jogoo. Jogoo wetu mwekundu alikuwa akisimama kwenye kichochoro kati ya nyumba zetu, na Maabara alizunguka nyumba nne ili asikutane naye. Nilipomcheka aliniambia kwamba nyoka anakutangazia hofu yake, ila jogoo hajui kuwa anaogopa, na asiyejua hofu yake ndiye wa kukimbiwa. Nilidhani ni maneno ya kujitetea tu. Siku hizi naona aliyasema kwa uzoefu wa watu pia, si wa kuku peke yao.

Alikuwa na subira ya ajabu kwa wanyama, na kwa binadamu hakuwa nayo hata chembe. Kwenye kikao cha mtaa mwenyekiti akisema, "Basi, wote tumekubaliana," Maabara husimama. "Andika wote isipokuwa mmoja," husema, kisha hutoka nje kabla hajajibiwa. Siku ya Alhamisi, ambayo ilikuwa siku ya kuwalisha chatu wale panya aliowazalisha mwenyewe, yeye hakula nyama. Alikula maharage. "Siku moja kwa wiki nyama iwe yao," alisema, na hakutaka mjadala.

Mimi nilihamia jirani yake nilipopata kazi halmashauri, nikitokea Shinyanga. Aliposikia mimi ni Msukuma alipiga makofi. Yeye ni Mzaramo wa Kisarawe, na baina yetu na wao kuna utani wa tangu enzi za mababu waliokuja pwani na mizigo kichwani. Mtani anaweza kukuficha viatu ukiwa msibani, akakudai kitu ndipo akurudishie, na huna haki ya kununa. Basi nikimwambia, "Shikamoo, Mzee," yeye hujibu, "Marahaba, mtani. Mzigo umeutua wapi?" Alisema hivyo kila siku, na kila siku alicheka kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka akishika kalamu. Mwandiko wangu ni mzuri, ndicho kitu pekee walimu walichowahi kunisifia. Hivyo Jumamosi zikawa za kwake: yeye anawatoa chatu mmoja mmoja, anataja, mimi naandika kadi. Kila sanduku lilikuwa na kadi yake iliyobandikwa mbele. Alikuwa na sheria zake. Penseli marufuku. Uandike siku ileile. Na ukikosea usifute wala usichane. Piga mstari mmoja juu ya kosa, andika lililo sahihi juu yake, weka herufi za jina lako na tarehe. "Kosa lisomeke," alikuwa akisema. "Asiyeacha kosa lake lisomeke atalirudia." Sheria iliyokuwa juu ya zote ni hii: kichwa kikisema hivi na kadi ikasema vile, fuata kadi. Kichwa kinasahau, kadi haisahau.

Kwenye kadi kulikuwa na mstari wa rangi na mstari wa tabia. Watu walikuja kutafuta rangi. Yeye alihangaika na tabia. Alimweka chatu kiganjani akahesabu kimyakimya inachukua muda gani kichwa kutoka kwenye ule mpira, kisha alitaja: mpole, mwoga, mzito, mkali. Neno "mbaya" alilikataa. Daktari mmoja kutoka Dar, naye ana kibali chake, alikuja kumtafutia mwanawe chatu, akampenda mmoja mweupe-mweupe aliyekuwa na macho ya kung'aa. Maabara akamletea wa kahawia. "Mwanao atacheza na rangi au na nyoka?" akamwuliza. Daktari aliondoka na wa kahawia, uso umemjaa haya, na baadaye alipiga simu kushukuru.

Rangi nyingine, alinieleza, lazima zitoke pande zote mbili. Mtoto akiipata kwa mzazi mmoja tu, huioni. Anakuwa wa kahawia kama wenzake, lakini ameibeba ndani. Huyo alimwita mbebaji. Asiyebeba kitu alimwita safi. Kwa macho huwezi kuwatenganisha, ni kadi tu inayojua.

Na palikuwa na Asali. Asali alikuwa dume la rangi ya asali mbichi, limetulia mpaka ungedhani limelala macho wazi. Nilikuwa nikirudi kutoka kazini na hasira zangu za ofisini, namchukua, namweka mabegani, na kabla maji ya chai hayajachemka nimesahau nilichokasirikia. Nilimpenda nyoka yule kuliko baadhi ya ndugu zangu, nasema kweli. Maabara aliniruhusu kumshika lakini hakutaka uzao wa rangi ile. Rangi ya asali, alisema, huja na uti wa mgongo uliopinda. Asali mwenyewe alinyooka kwa bahati, nduguze wengi hawakunyooka. Aliwahi kumzalisha na jike safi, wakatoka watoto wa kahawia, wabebaji wote. Hapo akafunga mlango. Mbebaji na safi ruhusa. Mbebaji na mbebaji, hapana.

Asali akafa kwa ugonjwa wa mapafu. Nililia, Maabara akanitazama tu, akanawa mikono. Nikamwambia tunaweza kumrudisha: tuna mabinti zake, tuna wanawe. "Utarudisha rangi," alisema. "Upole ule ulikuwa wake, amekufa nao." Nikamwomba tena mwezi uliofuata, na mwingine. Mara ya tatu aliniambia, "Mtani, mimi si wa kutengeneza kiumbe ili kiumie, weye ufurahi." Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu yalikuwa kweli.

Sanduku la saba lilikuwa na binti wa Asali. Kadi yake ilisema "Mbebaji", kwa mwandiko wangu. Jumamosi moja Maabara alikuwa uani anasafisha maji ya panya. Nikachukua kadi mpya, nikanakili kila kitu, tarehe na tabia na uzito, isipokuwa neno moja. Nikaandika "Safi". Ile ya zamani nikaitia kwenye mkoba. Nilijiambia ni utani. Mayai yakianguliwa na Asali wadogo wakatoka, nitapiga kigelegele, nitamrudishia kadi yake na kumdai soda, naye atanitukana kwa Kizaramo na kucheka. Ndivyo nilivyojiambia.

Siku ya kumpeleka binti yule kwa dume la sanduku la pili, ambaye alikuwa mbebaji, Maabara alimtoa, akamgeuza tumbo, akamtazama kichwani pale penye alama kama ya jicho la tatu. Akasita. "Huyu si binti wa Asali?" aliuliza, si kuniuliza mimi hasa. Akainama kusoma kadi. Akasoma mara mbili. Kisha akacheka kidogo, akasema, "Nazeeka, mtani."

Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake. Nilikuwa na mdomo.

Nieleze hapa kwa nini neno lile dogo la uzee lilikuwa zito kwake, maana mimi nililijua na bado nikanyamaza. Baba yake alipoteza kumbukumbu. Alinisimulia vipandevipande, Jumamosi hii na ile. Ilianza na vitu vidogo: anasema amefunga mlango, kumbe haukufungwa. Anamwita mtoto huyu kwa jina la yule. Mwishoni alitoka nyumbani akapotea siku mbili, wakamkuta mbali, kijijini Dutumi, kwenye shamba la mihogo la watu asiowajua, anawangojea wajenzi wenzake waliokufa zamani. Maabara aliamini kitu hicho kimo katika damu. Kila alipotafuta miwani yake akaikuta, niliona uso wake ukilegea kwa faraja.

Mayai yalikuwa sita. Aliyaweka kwenye friji bovu alilolitengeneza kwa balbu na kipimajoto, na umeme ulipokatika aliyazungushia chupa za maji ya moto. Baada ya karibu miezi miwili yakaanza kupasuka. Wanne walitoka wa kahawia. Wawili walitoka rangi ya asali. Wa kwanza uti wake ulipinda mahali patatu, kama waya uliokanyagwa, na hakuweza kujiviringa. Alijaribu kuficha kichwa katikati, hakukifikisha. Wa pili alipinda karibu na mkia. Huyo nilinyoosha kidole nimguse, akaniuma. Damu ilikuwa tone moja tu. Upole wa Asali haukuwamo.

Nilingoja Maabara anigeukie. Alikuwa anatazama kadi ya sanduku la saba. Alikaa chini sakafuni, mtu ambaye sikuwahi kumwona akikaa sakafuni, akasema polepole, "Nilikutajia safi."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nimeirudia dakika ile mara nyingi kuliko sala zangu. Nilichosema ni hiki: "Makosa hutokea, Mzee."

"Makosa hutokea," aliitikia. "Nilijua ni binti wa Asali. Nilimjua kwa macho. Lakini siku ya kutaja, kichwa kilitaja kingine. Ndivyo kulivyoanza kwa baba." Kisha akasema jambo ambalo nalisikia mpaka leo: "Na miye nilidhani nimeandikwa safi, kumbe nimebeba."

Wale wawili aliwalaza mwenyewe usingizi usio na kuamka, kwa namna aliyofundishwa maabara, bila kuniruhusu niingie. Wiki iliyofuata aliandika barua kwa mfugaji mwenzake wa Dar mwenye kibali. Masanduku yote yaliondoka kwa gari siku moja, kila moja na kadi yake, isipokuwa ya saba, ambayo aliibandua. Kabla mwezi haujaisha bintiye alikuja akamchukua kwenda Kisarawe. Aliniaga kwa mkono. Alikuwa amenawa. "Mtani," aliniambia, "mzigo sasa nautua mimi."

Miaka sita nilimtumia salamu kwa watu. Sikwenda. Kutoka Kibaha hadi Kisarawe si safari ya kumshinda mtu, lakini kila Jumamosi nilikuwa na nguo za kufua. Kadi ya kweli niliitia kwenye Biblia, na nikawa sifungui ukurasa ule.

Mwaka huu bintiye akaja ofisini kwetu kufuatilia hati ya ile nyumba ya Tangini. Ni muuguzi, mdogo kwangu kwa miaka michache, ana sauti ya chini kama ya baba yake. Nikamwuliza hali ya Mzee.

"Yupo, dada, ila anatushangaza," alisema. "Madaktari wamempima mara tatu. Wanasema kichwa kizima. Yeye anakataa. Anasema wao wana mashine, yeye ana kadi."

Akanieleza mengine, akiwa amesimama kwenye foleni, bila kulalamika. Hatoki peke yake. Amekataa kuwa shahidi katika shauri la shamba la mdogo wake, ingawa ndiye pekee aliyeona mipaka ikiwekwa, na mdogo wake akashindwa. Hawafundishi wajukuu hesabu asije akawapotosha. Yeye binti alipata nafasi ya kwenda kusoma Dodoma, akaiacha, maana nani angemwangalia baba? Nilimgongea mhuri karatasi zake. Mkono wangu ulipiga mhuri kichwa chini, ikabidi nirudie.

Jumamosi hiyo sikufua. Nilikwenda Kisarawe.

Nyumba iko mteremkoni, mikorosho nyuma, mihogo mbele. Alikuwa barazani kwenye kigoda, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, na kwenye mfuko wa shati kipande cha karatasi ngumu kimebanwa kwa pini. Nilikisoma nikiwa bado nimesimama. Kilikuwa na jina lake, jina la bintiye, namba ya simu ya bintiye. Alikuwa amejiandikia kadi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mtani. Umenenepa. Yule jogoo wenu mwekundu mlimla?"

Nikakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. "Mzee," nilisema, "kadi ya sanduku la saba niliiandika mimi."

"Kadi zote uliandika weye. Miye nilitaja."

"Hukutaja safi. Ulitaja mbebaji, na mimi niliandika mbebaji. Baadaye nikaibadilisha wewe ukiwa uani."

Alinitazama kwa upole uliokuwa mbaya kuliko hasira. "Wengi wamekuja hapa kunifariji, mtani. Mmoja alisema kila mtu husahau. Usijitwishe kosa ili miye nilale vizuri. Hayo ni maneno. Una kadi?"

Nikaitoa kwenye Biblia niliyokuja nayo. Alivaa miwani, akaishika mbali, akaisogeza. Akamwita bintiye alete boksi la viatu lililo chini ya kitanda. Binti akalileta, akarudi jikoni. Maabara akatoa ile nyingine, akazilaza zote mbili juu ya goti, akazipitisha kidole mstari kwa mstari.

"Hii wino wa bluu," alisema mwishowe. "Hii mweusi. Sikuwahi kununua kalamu nyeusi." Akavua miwani. "Miaka sita naitazama kadi hii. Sikutazama wino."

"Nisamehe, Mzee. Nilimtaka Asali arudi. Nikajiambia ni utani."

"Kwenye utani hucheka watu wawili. Ulicheka?"

"Hapana."

"Basi haukuwa utani." Akaninyooshea ile kadi ya uongo. "Kalamu unayo?"

Nilikuwa nayo. Nikapiga mstari mmoja juu ya neno "Safi". Juu yake nikaandika "Mbebaji", mwandiko umepinda. Nikaweka herufi zangu mbili, nikaanza kuandika tarehe ya mwaka ule.

"Tarehe ya leo," alisema. "Siku ile hukusahihisha."

Nikaandika ya leo. Aliichukua, akaipuliza wino ukauke, akaisoma, kosa na sahihi yake, akanirudishia zote mbili. Nilitegemea anitukane. Alipeleka mkono mfukoni mwa shati, akahangaika na pini kwa vidole vyake vinavyotetemeka mpaka ikafunguka, akaiweka ile karatasi yenye namba ya simu juu ya kigoda. Kisha akavaa viatu.

"Baba, unakwenda wapi?" Binti alitokea mlangoni na mwiko mkononi. "Subiri nivae kanga nikupeleke."

"Nakwenda dukani. Betri za redio zimekwisha."

"Nitakwenda mimi."

"Kaa, mwanangu."

Mimi pia nilikuwa nimesimama. "Na weye kaa," aliniambia, bila kunigeukia. Akashuka mteremko taratibu, akakata kushoto kwenye njia ya mihogo kama mtu anayejua njia, kwa sababu anaijua, na koti lake jeupe halikuwapo, wala mtu wa kumshika mkono.

Binti aliokota ile karatasi juu ya kigoda, akaitazama, akaitazama njia. Halafu akanitazama mimi, na kadi mbili mapajani mwangu.

"Dada," alisema, "umemwambia nini baba?"

Nikasogea kwenye benchi, nikampisha nafasi. "Keti, mdogo wangu," nikamwambia. "Na wewe nina la kukuambia."